Land Cruiser V8 au Range Vogue: ipi itamfaa mtu wa Tanga?

MtuWaRaskazone

Wakuu, salaam. Nimebakiwa na magari mawili na pesa bado haijatoka, nataka mnichambulie.

La kwanza ni Toyota Land Cruiser 200, hizi tunazoita V8, la 2013, petroli 4.6, linatoka Japani, kilomita 118,000. La pili ni Range Rover Vogue, bodi ya L405, la 2014, dizeli 3.0 TDV6, linatoka Uingereza, maili 81,000, yaani kama kilomita 130,000. Bei zinakaribiana, Range iko chini kidogo.

Matumizi: Raskazone hadi mjini na kurudi kila siku, haifiki kilomita 10. Dar mara mbili kwa mwezi. Muheza kupanda Amani mara mojamoja, masika pia. Sikukuu tunakuwa watu sita, na mama yangu yumo, magoti yake hayataki kupanda juu. Naomba hoja za kiufundi, habari za "Range ina heshima" nimezisikia vya kutosha.

Spana14

Mkuu, anza na viti. L405 ina viti vitano, na hakuna toleo la bodi hiyo lenye safu ya tatu. Wewe umesema watu sita. V8 za Japani nyingi zina viti vinane. Safu ya tatu hukunjwa kuegemea pembeni, inakula nafasi ya mizigo, lakini ipo. Kama sikukuu kuna gari la pili nyumbani, basi tuendelee.

Usichague nembo, chagua injini. Iliyomo kwenye hiyo V8 ni 1UR-FE. Ni petroli ya kawaida kabisa: haina tabo, haina DPF (chujio la masizi kwenye ekzosi ya dizeli), na taimingi yake ni cheni. (Ukiletewa ya kabla ya 2009 yenye 4.7, hiyo ni 2UZ na inatumia mkanda wa taimingi, hubadilishwa kila kilomita 100,000. Usichanganye.) Ubaya wa 1UR ni kiu. Kwa mwendo wa kawaida weka kilomita 5 hadi 6 kwa lita. Tanga mpaka Dar ni kama kilomita 350, kwa hiyo andaa lita 60 kwenda tu. Range TDV6 njia hiyohiyo itakwenda na lita 35 au pungufu kidogo. Hapo Range inashinda, tusidanganyane.

Sasa udhaifu. Kwenye 1UR, la kwanza ni pampu ya maji. Kulantei (maji ya kupozea injini) ya Toyota ni ya rangi ya waridi, na pampu ikianza kuvuja huacha ganda la waridi lililokauka, kama chumvi, chini ya puli yake. Ukiliona, pampu imeshaaga hata kama rejeta bado imejaa. La pili ni rejeta yenyewe: kichwa chake cha juu ni cha plastiki na hupata ufa mwembamba kama unywele. Tafuta kwa tochi, injini ikiwa imepoa. Zaidi ya hapo ni oili 0W-20, kama lita 7 na nusu pamoja na filta, na plagi nane. Injini hii haina gubu.

TDV6 ni tamu kuendesha, ila ugonjwa wake uko tumboni: krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Magamba ya beringi ya krenki huweza kuteleza na kuzunguka ndani ya kiti chake. Yakizunguka, tundu la oili linazibwa, krenki inakauka, inapata joto, kisha inakatika vipande viwili. Hakuna taa inayowaka wiki moja kabla. Wengine hupata mlio wa kugonga siku chache, wengine injini inazima tu barabarani na haizunguki tena. Hapo hakuna kutengeneza, ni injini nyingine.

Kinachochochea ni oili. Ulaya magari haya yaliwekewa ratiba ndefu ya kumwaga oili, inafika kilomita 26,000. Ongeza safari fupi: DPF ikitaka kujisafisha, kompyuta huongeza dizeli kwenye silinda ili joto la ekzosi lipande. Ukizima gari katikati ya kazi hiyo, dizeli iliyobaki ukutani mwa silinda inateremka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi. Oili nyepesi na beringi nyembamba haviwezi kukaa nyumba moja. Sasa tazama ratiba yako: Raskazone, mjini, Raskazone.

Mpwani_Halisi

Spana, umesema kweli lakini umemtisha kupita kiasi. Piga hesabu: kilomita 10 kwa siku, siku kumi na nne, ni kilomita 140. Kisha anapata 350 za lami mfululizo kwenda Dar na 350 kurudi. DPF inahitaji dakika 15 hadi 20 za mwendo usiokatika ili ijisafishe, na hapo Segera mpaka Chalinze inazipata mara kadhaa. Anayeua DPF ni yule asiyetoka mjini miezi mitatu. Dizeli yetu nayo si ile ya zamani, mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi salfa isiyozidi ppm 50.

Nenda na mambo ambayo V8 haiwezi. Range ina springi za hewa kona zote nne. Ukiegesha unabonyeza kitufe, gari linashuka milimita 50, mama anaketi badala ya kupanda. Ukifika njia ya Amani unalinyanyua milimita 75 juu ya kimo cha kawaida, unapata karibu milimita 295 kutoka ardhini. V8 ya springi za chuma ina kama 225, imebaki hapohapo. Kina cha maji ya kuvuka: Land Rover wametaja milimita 900 kwa L405, Toyota 700 kwa hiyo 200. Na bodi ya Range ni alumini, hailiwi na kutu ya chumvi ya bahari kama chesesi ya V8. Mtu wa Raskazone, upepo wa baharini unaingia mpaka kabatini, lazima alifikirie hilo.

Spana14

Hesabu ya DPF nakubali nusu. Kompyuta haisubiri ufike Segera. Masizi yakifika kiwango chake itaanza kujisafisha hata ukiwa foleni ya Ngamiani. Dalili zake: feni inanguruma hata gari likiwa limesimama, sailensa (mzunguko wa injini gari likisimama) imepanda kidogo, harufu ya moto nyuma. Ukiona hivyo usizime, toka barabara ya Pongwe uende na kurudi. Akiweza kuishi na hilo, sawa.

Na asitegemee stiki ya oili, L405 ya TDV6 haina. Kiwango husomwa kwenye dashibodi, gari likiwa tambarare na injini imezimwa kama dakika 10. Kikipanda badala ya kushuka, ujue dizeli imeshaingia. Mwaga, usisubiri kilomita zitimie. Kwa hapa kwetu kila kilomita 8,000, mwisho 10,000, kama lita 6, oili yenye alama WSS-M2C934-B. Ukiweka oili ya lori kwa sababu ni dizeli, majivu yake yanaziba DPF moja kwa moja.

Filta ya zamani usiitupe. Ni ya karatasi, iko ndani ya kikombe. Ikate, ikunjue mikunjo yote, ianike juani kwenye kipande cha kadibodi mpaka oili ichuruzike, kisha igeuzegeuze kwenye mwanga. Masizi meusi ni kawaida ya dizeli. Chembe zinazometameta kama pambo la sare ya harusi, za rangi ya fedha au shaba, ni beringi inayoanza kuliwa. Mwambie anayekuuzia afanye hivyo akupigie picha. Akikataa, jibu umeshalipata.

Kuhusu alumini, bodi ndiyo haishiki kutu. Fremu ndogo zinazoshika mikono ya mbele na nyuma ni za chuma, na gari limetoka nchi inayomwaga chumvi barabarani kila baridi. Tena alumini ikigusana na boliti ya chuma penye hewa ya chumvi, inayoliwa ni alumini. Utaona rangi inavimba vipovu kwenye kingo za milango na chini ya boneti. Na ile mbinu ya kupitisha sumaku mlangoni kutafuta fila (ule udongo wa kujazia palipobonyea) haifanyi kazi hapo, sumaku haishiki alumini nzima wala yenye fila. Tumia kipima unene wa rangi, au achana na Range yoyote iliyowahi kugongwa. Bodi yake imeungwa kwa gundi na ribiti, na fundi wa kuchomelea kwa gesi hawezi kuinyoosha.

Chuma_cha_Korogwe

Nina neno kwenye tairi tu. Vogue nyingi zinakuja na 255/55R20 au 275/45R21. V8 yako huenda ina 285/60R18. Ukuta wa tairi ya V8 ni milimita 171, ile ya 21 ni 124. Njia ya Amani ina mawe makali yenye ncha, si tope peke yake. Ukuta mfupi unabanwa kati ya jiwe na rimu, tairi inapasuka ubavuni na haizibiki. L405 inakubali rimu ya 19 yenye 235/65, lakini pima kwanza kama breki za toleo hilo zinapita ndani yake. Spea tairi nayo iangalie, baadhi huja na ile nyembamba ya dharura. Hiyo Amani utaishia kuisikia.

Na ule mteremko wa Lushoto kuja Mombo, ukiupitia na gari lolote kati ya haya, shusha gia kwa mkono. Yote yana uzito wa zaidi ya tani mbili, V8 inakaribia tani mbili na nusu au zaidi. Ukikalia breki mfululizo mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama.

Bi_Hesabu

Mmepita kwenye kodi kama haipo. Ndugu, yote mawili yameshavuka miaka 10 tangu yatengenezwe, kwa hiyo unalipa ushuru wa uchakavu wa kiwango cha juu. Kwa viwango tulivyozoea ni hivi, kwa kila shilingi 100 za CIF (bei ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandarini):

Ushuru wa forodha 25%, jumla 125. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi cc 2000 ni 10% ya hiyo 125, yaani 12.5. Uchakavu 30% ya 125, yaani 37.5. Tumefika 175. VAT 18% ya 175 ni 31.5. Kodi peke yake ni 106.5, kabla ya tozo ya reli, ada ya forodha na usajili. Kodi imezidi bei ya gari lenyewe.

Ukichukua la chini ya miaka 8, uchakavu unaondoka na hesabu hiyohiyo inakupa 62.25. Kati ya miaka 8 na 10 ni 15%. Kwa hiyo gari jipya kidogo lenye bei kubwa wakati mwingine linakaribia kufidia tofauti. Ingiza magari yote kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kuamua, na fahamu kwamba CIF inayotumika ni ile iliyo kwenye kanzidata yao, si ya risiti ya muuzaji. Ukibembeleza muuzaji akaandika bei ndogo unajisumbua bure.

MtuWaRaskazone

Ahsanteni sana. Bi Hesabu, nimeingiza zote mbili, kumbe pengo la bei nililoliona ni dogo sana.

Maswali mawili. Fundi mmoja kaniambia Range ikisumbua nitatoa springi za hewa niweke za chuma, na DPF naikata, mchezo umeisha. Ni kweli? La pili, hiyo V8 ni toleo la ZX, ina kitufe cha kupandisha na kushusha. Nayo ni hewa?

Spana14

La DPF kwanza. Ukiikata bila kuandika upya programu ya injini, kompyuta itaendelea kutafuta presha isiyokuwepo na gari litaingia hali ya dharura. Ukiandika upya unapata moshi na beringi zilezile. Krenki haijui kama DPF ipo au haipo kama oili ilishaharibika.

Springi za chuma: usifanye. L405 inapanga kila kitu kwa kujua kimo chake, hata taa za mbele. Ukitoa hewa inabaki na ujumbe wa hitilafu, au inadanganywa na kiboksi. Umepoteza kushuka kwa ajili ya mama, umepoteza milimita 75 za Amani, na gari linayumba. Yaani umenunua Range ili uiondoe Range.

Tena tatizo la hewa halina uchawi. Mara nyingi linaanza na mfuko wa mpira uliopata nyufa au kiungio cha mpira wa hewa kinachovuja polepole. Kompresa inafanya kazi muda mrefu kufidia, inapata moto, inakufa. Watu wanabadilisha kompresa, wanaacha tundu, baada ya miezi michache kompresa mpya nayo imekwenda. Tafuta tundu kwanza: gari kimo cha juu, puliza povu la sabuni kwenye mfuko na viungio, ngoja vipovu. Halafu ndiyo uzungumze kompresa.

Na betri. Hizi Range zina mbili, na umeme ukishuka kidogo dashibodi inaonyesha magonjwa kumi ambayo hayapo: hewa, breki, gia. Pima betri kabla hujamlipa mtu yeyote kusoma hitilafu kwa mashine.

Mpwani_Halisi

Hapo kwenye springi za chuma niko na Spana mia kwa mia. Nami niongeze: ukishaamua Range, tafuta SDV8 ya 4.4, dizeli ya silinda nane. Ugonjwa wa krenki si sifa yake, na tangi lake ni lita 105 badala ya 85.

Gia boksi ni ZF ya spidi nane. Usiamini "oili ya maisha". Watengenezaji wenyewe wa ZF wanashauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Bakuli la chini ni la plastiki na filta imo humohumo, kwa hiyo linabadilishwa zima. Kiwango hupimwa injini ikiunguruma na oili ikiwa na joto la kama nyuzi 40. Fundi akijaza ikiwa baridi halafu akafunga, gia zitaanza kupiga teke.

Chuma_cha_Korogwe

Nijibu la ZX. Si hewa, ni oili. Inaitwa AHC: pampu inasukuma oili maalumu kwenye shokapu, na kila kona ina tufe lenye gesi ya naitrojeni nyuma ya kiwambo. Inashuka pia, kwa hiyo mama atafaidi. Pamoja na ngazi ya pembeni si mbaya.

Kuipima ni rahisi. Injini ikiwa inawaka, shusha gari mpaka Lo, soma kiwango cha oili kwenye kichupa chake kwa kufuata mistari. Pandisha mpaka Hi, soma tena. Tufe zikiwa nzima tofauti ni kubwa, kwa sababu oili nyingi imeingia huko. Zikichoka, tofauti inakuwa ndogo na gari linadunda kama kiberiti kwenye matuta. Halafu lala chini ya gari ufuate mabomba ya chuma ya oili hiyo kando ya chesesi. Kutu ya mabomba ndiyo inayomaliza AHC, na hewa ya Raskazone itaiharakisha. Kila ukitoka ufukweni au kwenye maji osha chini kwa maji baridi ya bomba, pamoja na juu ya chesesi ambako mchanga unajificha.

Ukivuka maji marefu na V8, kesho yake legeza nati ya kujazia oili ya difu la nyuma. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji.

Bi_Hesabu

Kabla hujatuma pesa, karatasi. Kwa Range omba namba ya usajili ya Uingereza, iweke kwenye tovuti ya serikali yao ya historia ya ukaguzi wa MOT. Bure. Gari la 2014 lilianza kukaguliwa 2017, kwa hiyo kuna maili zake karibu za kila mwaka na maoni ya mkaguzi kuhusu kutu, tairi, uvujaji. Maili zikirudi nyuma mwaka mmoja, ondoka. Namba ya chesesi nayo ihakikiwe isiwe ya wizi, Range huibiwa sana kule kwa mbinu ya kunasa mawimbi ya funguo.

Kwa V8 omba karatasi ya mnada na cheti cha usafirishaji cha Japani. Hicho huonyesha kilomita za ukaguzi wa mwisho na za ule wa kabla yake. Daraja la mnada likiwa R au RA, limewahi kugongwa na kutengenezwa.

MtuWaRaskazone

Muuzaji wa V8 katuma karatasi ya mnada, daraja 4, na picha ya kichupa cha AHC. Mistari sijui kuisoma. Wa Range kasema filta "imeshatupwa".

Chuma_cha_Korogwe

Picha moja haitoshi, yakhe. Unataka mbili: Lo na Hi, injini inawaka, kichupa kilekile, mtu asimimine kitu katikati. Mwambie arekodi video asikate.